Wiki sita za kwanza Marekani: mwongozo niliouokota kwa vijana wa Hyderabad

Nilifika Texas mwezi wa Agosti nikiwa peke yangu, na karibu kila kitu nilikifanya kinyumenyume. Nilinunua godoro kabla ya kupata nyumba. Nilikwenda kuomba namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), ile ya kukutambulisha kazini na kwenye kodi, kabla sijaripoti chuoni, nikarudishwa. Nyumba niliyoangukia mwishoni ilikuwa na vijana watatu wa Hyderabad, India, waliokuja kusoma uzamili wa kompyuta. Waliingia nchini siku tisa nyuma yangu, na baada ya wiki mbili walikuwa wamenipita mbali.

Siri yao ilikuwa orodha. Waliotangulia walikuwa wameiandika, wakawarithisha, na kila mwaka inarekebishwa kidogo. Haishangazi: mwaka wa masomo wa 2023/24 wanafunzi kutoka India vyuoni Marekani walikuwa 331,602, wakaipita China kwa mara ya kwanza tangu 2009, na zaidi ya nusu yao wako ngazi ya uzamili na uzamivu. Njia imekanyagwa hadi imekuwa barabara.

Nasema Wahindi wa India, si wa Upanga ya Dar es Salaam wala Parklands ya Nairobi, ingawa wa Upanga na Parklands nao wakienda watapita humuhumu, na Mchagga vilevile. Naandika jinsi wanavyofanya wao, na pale ambapo mtu wa kwetu akiwaiga ataumia nitasema.

Hatua ya 1: Nyoosha jina na begi kabla ya kupanda ndege

Anza na jina. Watu wengi wa kusini mwa India hawana jina la ukoo kama Wazungu wanavyolielewa. Mtu ana jina lake, na mbele yake herufi moja ya jina la baba au la kijiji. Pasipoti ikiwa na jina moja tu, visa hutoka na herufi FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani. Mmoja wa wenzangu alikuja hivyo. Chuo kikamwandika Fnu kwenye kitambulisho, na mhudumu wa maktaba akawa anamwita Fnu kwa upole kabisa wiki nzima, akidhani ndilo alilopewa na mama yake. Kicheko kando, benki iliandika jina kwa mpangilio mmoja na chuo kwa mwingine, na mshahara wake wa kwanza ukachelewa. Basi hakikisha pasipoti, fomu ya I-20 (ile chuo kinayompa mwanafunzi wa kigeni kikimkubali), visa na barua ya chuo vinasoma jina lilelile kwa mpangilio uleule. Sisi tunaoandika la kwako, la baba na la babu tuna ugonjwa huohuo.

Halafu begi. Mama wa Kihindi hufunga begi kama anayempeleka mtoto jangwani, na hapo mna mitego miwili. Wa kwanza ni nafaka: mchele kutoka India hauruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, wala dengu, choroko na kunde kavu, kwa sababu ya mdudu wa khapra anayeshambulia maghala. Nyama usiguse. Viungo vilivyosagwa, majani ya chai na achari iliyofungwa vizuri kwa kawaida hupita, lakini vitaje vyote kwenye forodha. Kutaja hakuna adhabu. Kuficha kuna faini.

Mtego wa pili ni umeme. India hutumia volti 230, Marekani 120. Mashine ya kusagia viungo iliyotoka nyumbani itanguruma kama mzee anayeamshwa na haitasaga kitu. Iache. Sufuria la presha lichukue, maana halihitaji umeme, na la huko ni bei. Chaja ya simu na ya kompyuta nyingi hufanya kazi pote. Soma maandishi madogo ubavuni, kisha tafuta plagi ya kubadilishia.

Mkobani, si kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, weka: I-20, pasipoti, risiti ya ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), barua ya mkopo au ya ufadhili, cheti cha chanjo, na dawa zako pamoja na cheti cha daktari. Chuo kingi kitadai dozi mbili za chanjo ya surua, na kwa atokaye India au Afrika Mashariki kitataka kipimo cha kifua kikuu. Ukiwa ulichanjwa BCG utotoni, omba kipimo cha damu badala ya kile cha sindano ya ngozi, kwa kuwa BCG inaweza kuufanya mkono uvimbe ukaonekana mgonjwa.

La mwisho kabla ya kuondoka, na hili wengi hulijutia: usiiue laini ya simu ya nyumbani. Benki ya India hutuma namba ya siri kwenye laini hiyo kila unapohamisha pesa. Laini ikifa, pesa ya ada iko Hyderabad na wewe uko Texas, mnatazamana. Washa huduma ya kuitumia nje kabla ya kupanda ndege. Mwenye kutegemea M-Pesa na benki zetu naye asikie.

Hatua ya 2: Dirishani kwa ofisa wa uhamiaji

Visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haikuruhusu kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyo kwenye I-20, kwa hiyo usikate tiketi ya bei rahisi ya mwezi wa Juni kwa masomo ya mwisho wa Agosti. Ofisa atauliza unakwenda chuo gani, unasoma nini, nani analipa. Jibu kwa sentensi moja moja. Kama una zaidi ya dola 10,000 taslimu, sema. Basi, hapo hakuna makubwa.

Hatua ya 3: Siku tatu za kwanza

Kwa utaratibu wa Wahindi, mgeni hafikii hotelini. Chama cha wanafunzi wa Kihindi cha chuo hufungua kikundi cha WhatsApp miezi kadhaa kabla, hukusanya tarehe za ndege, na kumpangia kila mgeni mtu wa kumpokea na sebule ya kulala. Hao wapokezi wanaitwa *senior*. Nilipolisikia neno mara ya kwanza niliona sinia la pilau, na kusema kweli sikuwa mbali: chakula cha kwanza ni wao wanaokupikia. Vijana wangu, wanaozungumza Kitelugu, waliwaita wa kiume *anna*, kaka mkubwa, na wa kike *akka*. Na hata kama anna amekuzidi mwaka mmoja tu, analolisema kuhusu nyumba na masomo linasikilizwa.

Siku hizo tatu zina kazi nne, na mfuatano wake usiuvuruge.

Kwanza ingia kwenye tovuti ya forodha na mipaka ya Marekani upakue I-94, ambayo ndiyo kumbukumbu ya kuingia kwako. Soma kila herufi: jina, namba ya pasipoti, hadhi iwe F-1, na sehemu ya muda wa kukaa. Ukikuta kosa, lisahihishwe wiki hiyohiyo. Angalia pia tarehe: huko mwezi hutangulia, kwa hiyo 8/9 ni Agosti 9. Nimemwona mtu akikosa miadi kwa sababu alisoma Septemba 8.

Pili, ripoti ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wao ndio wanaokuwasha kwenye mfumo wa SEVIS, na wana siku 30 tangu masomo yaanze kufanya hivyo. Usipojitokeza, mfumo unahesabu hukuja. Wape anwani ya unapolala. Ukihama una siku 10 za kuwaarifu, hata kama umehamia ghorofa ya juu.

Tatu, laini ya simu ya huko. Wahindi hujiunga watu wanne au watano kwenye mkataba mmoja wa familia, na familia hiyo huwa na majina ya ukoo matano. Ni nafuu sana kuliko kila mtu kivyake.

Nne, piga simu nyumbani kwa saa inayofaa. Wakati wa kiangazi Hyderabad iko mbele ya Texas kwa saa kumi na nusu. Ukimaliza kula saa mbili na nusu usiku, kwao ni saa moja asubuhi na chai iko mezani.

Hatua ya 4: Nyumba, na jiko ndani ya nyumba

Usitume pesa ya nyumba ambayo wewe au mtu unayemjua hajaingia ndani yake. Matapeli wanajua kalenda ya vyuo kuliko wanafunzi. Mwombe senior aende na simu, apige video kuanzia mlangoni hadi chooni, afungue bomba.

Mkataba wa pango kwa kawaida ni wa miezi 12. Soma kama ni wa kila mtu na chumba chake, au wa pamoja. Ukiwa wa pamoja, mwenzenu mmoja akiacha masomo Desemba, kodi yake mnailipa nyinyi mliobaki. Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hamjaingiza hata ndoo, pigeni picha kila ukuta na kila doa, kisha mzitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe. Amana yenu imejificha kwenye picha hizo.

Nyumba nyingi hutolewa tupu. Katikati ya Agosti mikataba ya zamani inaisha, na kando ya majalala utakuta meza, viti, hata televisheni. Okota meza. Okota kiti cha mbao. Kitu chenye kitambaa au sponji kiache hapo, hata kiwe kizuri namna gani. Lile godoro nililonunua kwa mtu baki lilikuja na kunguni, na dawa ya kuwaua ilinigharimu kuliko godoro jipya.

Sasa jiko. Wenzangu wawili hawakula nyama kabisa, wa tatu alikula kuku na mbuzi, mimi ni mtu wa pwani, nala samaki, na ng'ombe nikimpata simwachi. Tulikaa chini siku ya kwanza, kabla ya hasira yoyote, tukakubaliana: sufuria mbili na kikaangio kimoja ni vya mboga tu, rafu ya juu ya friji ni ya mboga tu, na ng'ombe haingii nyumbani, ataliwa nje. Walinishukuru kama niliyewapa urithi. Nimeona nyumba nyingine wakisubiri hadi mtu akute mchuzi wa nyama kwenye sufuria lake la dengu, na wakamaliza mwaka bila kusalimiana.

Na kuna king'ora cha moshi. Mpishi wa Kihindi huchoma mafuta yakawa ya moto sana, kisha hutupia haradali, bizari nyembamba na pilipili kavu. Harufu ni ya peponi, lakini king'ora hakijui peponi. Katika jengo letu king'ora kililia mara tatu ndani ya wiki mbili, watu wa ghorofa tatu wakashuka na taulo, zimamoto wakaja na gari zima kwa ajili ya dengu. Washa feni ya juu ya jiko kwanza, fungua dirisha, ndipo uweke mafuta. Kukifunika king'ora kwa mfuko wa nailoni, kama wengine wanavyoshauri, ni kosa linaloweza kuwatoa kwenye nyumba.

Viungo vyote vinapatikana. Patel Brothers, walioanza na duka moja Devon Avenue mjini Chicago mwaka 1974, leo wana maduka katika majimbo mengi, na atokaye Mombasa au Zanzibar atapata humo iliki, ukwaju na unga wa dengu bila kuuliza.

Hatua ya 5: Benki, bima, namba

Mfuatano tena. Akaunti ya benki unaweza kuifungua tawini kwa pasipoti, I-20 na uthibitisho wa anwani. Haisubiri namba ya Hifadhi ya Jamii. Kijana aliyezoea kulipa kwa simu nchini India, ambako UPI, mfumo wa kulipana kwa simu, imekuwepo tangu 2016, hushtuka anapoambiwa kodi ya nyumba ilipwe kwa hundi ya karatasi. Mkenya au Mtanzania naye hushtuka hivyohivyo. Zelle, ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki kwa simu, ipo, lakini pesa ikishaenda haimrudii mtumaji, kwa hiyo usimlipe kwayo usiyemjua.

Namba ya Hifadhi ya Jamii haitolewi kwa sababu wewe ni mwanafunzi. Inatolewa kwa sababu umepata kazi. Upate kazi ndani ya chuo, upewe barua ya mwajiri, ofisi ya wageni nayo iandike yake, SEVIS iwe imeshakuwasha, zipite kama siku kumi tangu uingie nchini, ndipo uende. Fomu ni bure. Mtu akikupigia simu kwamba namba yako imefungwa na ulipe kwa kadi za zawadi za dukani, kata. Serikali hailipwi kwa kadi za zawadi.

Bima ndilo neno tulilocheka nalo usiku mmoja, kwa kuwa wao wanasema *bima* na sisi bima. Laki nalo ni letu sote; tulihesabu mikopo yao kwa malaki ya rupia, wakaelewa kwa nini mimi nahesabu hivyohivyo kwa shilingi. Lakini bima ya Marekani hakuna lugha inayoitosha. Shika mambo matatu: kuna kiasi unachotoa mfukoni kwanza kabla bima haijaanza kulipa, kuna madaktari walio ndani ya mtandao wa bima yako na walio nje, na homa ya kawaida ipeleke zahanati ya chuo, usiipeleke chumba cha dharura cha hospitali. Wahindi wengi hutafuta bima rahisi ya nje ili wakwepe ya chuo. Uliza chuo kwa maandishi kama kinaikubali, na siku ya mwisho ya kuomba ni lini, maana ikipita unalipa zote mbili.

Na hapa ndipo usimwige Mhindi. Ukianza kazi utajaza fomu za kodi, na wenzangu walijua wana haki ya makato ya kawaida ya kodi, wakanifundisha niandike kama wao. Haki hiyo wanaipata kwa mkataba wa kodi kati ya India na Marekani, kifungu cha 21. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa namna hiyo. Ningeandika walichoandika, ningekuwa nimedanganya serikali kwa nia njema. Linalotuhusu sote ni fomu 8843 ya mamlaka ya kodi, inayojazwa hata na asiyepata senti.

Hatua ya 6: Darasani

Mwanafunzi wa India amelelewa kusimama na kusema *sir*. Profesa wa Marekani atamwambia: niite kwa jina langu la kwanza, na kijana ataomba ardhi ipasuke. Tumia Profesa na jina la ukoo hadi akukataze mara ya pili. Barua pepe iwe fupi: wewe ni nani, somo gani, unataka nini. Kiingereza cha India kina maneno yanayopotoka njiani; huko mwenye swali husema ana shaka, na Mmarekani hudhani anapingwa. Sema una swali.

Chukua mtaala wa kila somo siku ya kwanza, uandike tarehe zote kwenye kalenda moja. Mwisho wa kuwasilisha kazi huandikwa 11:59 PM, nayo ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Mswahili asije akaisoma saa kumi na moja. Profesa ana saa za kupokea wanafunzi ofisini, na wengi hawaendi. Nenda wiki ya pili, hata na swali dogo.

Hatari kubwa iko nyumbani. Vijana wanne wanaosoma somo moja na kulala sebule moja watasaidiana, na kusaidiana ndiko kulikowafikisha hapo. Lakini programu nne zenye mifupa ileile zikiwasilishwa usiku mmoja, mashine ya kulinganisha itaziona hata mkibadilisha majina ya vitu vyote. Jadilianeni njia ubaoni, futeni ubao, kila mtu akaandike peke yake. Akikamatwa mmoja wanaitwa wote, na kufukuzwa chuo kunaondoka na visa. Anna wa nyumba yetu alilirudia hili kila Jumapili.

Idadi ya masomo nayo iangalie. Chuo kingi kinataka krediti 9 kwa muhula ngazi ya uzamili, na la mtandaoni linalohesabika humo ni moja tu. Kabla ya kuacha somo lolote pitia kwanza ofisi ya wageni.

Hatua ya 7: Kazi, na Septemba

Kazi ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Bwalo la chakula huajiri wa kwanza, kwa hiyo peleka maombi wiki ya kwanza. Mtu atakuja na maneno matamu ya kazi ya kituo cha mafuta au mgahawa, pesa mkononi, bila karatasi. Mwenye mkopo wa malaki nyumbani husikiliza. Kataa. Hilo ni kosa la uhamiaji, na hakuna wa kukutetea siku usipolipwa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba wenzangu walianza kutafuta mafunzo ya kazi ya kiangazi kijacho katikati ya Septemba, kabla hata ya mtihani wa kwanza. Makampuni huja chuoni mwezi huo. Wasifu uwe ukurasa mmoja, usiwe na picha, tarehe ya kuzaliwa, dini wala hali ya ndoa. Kibali cha kufanya mafunzo hayo nje ya chuo kwa kawaida hakitolewi hadi umalize mwaka mzima wa masomo, lakini ofa hutafutwa sasa.

Katikati ya msukosuko huo huangukia Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Kihindu ya mungu Ganesha, kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Usiku huo nyumba ilinyamaza. Waliona kwenye simu mtaa wao wa Hyderabad ukiwa na ngoma na taa, kisha wakatazama mezani: tambi za mfuko. Senior mmoja akagonga mlango akiwa na sufuria na sanamu ndogo ya udongo. Ukijua sikukuu yako inaangukia wiki zipi, Idi, Diwali au Krismasi, panga mapema nani atapika na wapi.

Mwisho wa wiki ya sita ujumbe uliingia kwenye kikundi: wanaokuja muhula wa Januari wameanza kukata tiketi, nani ana gari, nani ana sebule. Mwenzangu Fnu, aliyekuwa bado hana leseni, akaandika ana sebule, watu wawili, wasiovuta sigara. Mimi nikaandika nitapika. Akaongeza chini yake: mboga tu.